Kadi Yako Inafika Wapi? Historia ya Picha na Bima, Kutoka Milima ya Pare Hadi Moshi

SEHEMU YA 1



Kuna swali naulizwa karibu kila wiki hapa Same: "Nesi, ni daktari gani wa picha anayepokea bima?" Anauliza mama mwenye mimba ya miezi minne aliyeandikiwa altrasaundi. Anauliza baba ambaye mtoto wake ameanguka kwenye mti wa parachichi na mkono umevimba. Anauliza bibi mwenye mjukuu anayekohoa mwezi wa pili sasa.

Nilikuwa najibu kwa kifupi tu, nenda pale, au nenda Moshi. Siku hizi sijibu hivyo, na sababu ni mama mmoja wa huko juu milimani. Jina lake silitaji.

Huyu mama alikuwa na mimba ya wiki kama 30. Akaona damu kidogo, bila maumivu yoyote. Zahanati wakamwambia akapige picha haraka. Kadi ya CHF alikuwa nayo ndani ya pochi, lakini jirani alishamwambia kwamba kadi ile ni ya panadol tu, mambo ya picha haihusiki. Basi akauza tangawizi yake shambani kwa bei ya haraka, mnajua bei ya haraka inavyokuwa, akapanda gari mpaka Moshi, akaingia kwenye kituo binafsi cha kwanza alichoona kibao cha altrasaundi. Akalipa taslimu. Akapigwa. Akapewa bahasha yenye karatasi ya Kiingereza, na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Kwa kuwa mtoto alionekana akicheza kwenye skrini, mama akarudi nyumbani na furaha yake. Bahasha ikakaa kwenye begi siku kumi na mbili.

Ile karatasi nimeifungua mimi. Ilisema kondo la nyuma limekaa chini na kuziba mlango wa kizazi.

Mwisho wake nitausema. Kwanza nataka mjue kwa nini hali ilifika pale, maana tatizo halikuwa uzembe wa yule mama. Picha ina historia yake na kadi ina historia yake. Picha ilianzia juu, kwenye hospitali kubwa, ikawa inashuka polepole kuja kwetu. Kadi ya CHF ilianzia chini, kwenye zahanati, ikawa inapanda polepole kwenda juu. Ni wapi zinakutana ndiyo habari yenyewe. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2

Picha ya kwanza maarufu ya eksirei ni ya mkono wa mke wa mtu.

Wilhelm Röntgen, mwanasayansi wa Ujerumani, aligundua mionzi ile tarehe 8 Novemba 1895 akiwa kwenye maabara yake mjini Würzburg. Wiki chache baadaye, Desemba hiyo hiyo, alimwomba mkewe Anna Bertha aweke mkono juu ya bamba la picha. Ikatoka mifupa ya vidole na pete ya ndoa inaelea kwenye mfupa. Mwaka 1901 Röntgen akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Hakutaka kuufanya uvumbuzi ule kuwa mali yake peke yake, ndiyo maana ulisambaa duniani kwa haraka sana.

Kwa haraka mno pengine. Kwa miaka mingi Ulaya wajawazito walipigwa eksirei ili madaktari waone mtoto amelalaje. Daktari mmoja wa Uingereza, Alice Stewart, ndiye aliyekwenda kuwauliza akina mama wenyewe. Mwaka 1956, na tena 1958, alichapisha matokeo: watoto waliokufa kwa saratani, mama zao walikuwa wamepigwa eksirei wakati wa ujauzito mara nyingi zaidi kuliko mama wa watoto wazima. Wakubwa wa fani walimpinga kwa miaka, lakini mwisho desturi ile ikabadilika. Kwa hiyo ukiulizwa kwenye chumba cha eksirei "mama, una mimba?" usikasirike. Hilo swali lina watoto nyuma yake. Na ukiwa nayo au huna uhakika, sema hata kama hujaulizwa.

Altrasaundi ni kitu kingine kabisa, na hapa naomba nisikilizwe maana uvumi ni mwingi. Altrasaundi haitumii mionzi. Ni sauti, sauti ya juu sana ambayo sikio halisikii, inaingia mwilini, inagonga na kurudi, na mashine inachora picha kutokana na ule mwangwi. Chanzo chake ni viwandani: mafundi walikuwa na vifaa vya kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma. Daktari wa uzazi wa Glasgow aitwaye Ian Donald alikiona kifaa cha namna hiyo, akashirikiana na fundi Tom Brown na daktari mwenzake John MacVicar, na mwaka 1958 wakachapisha picha za matumbo ya wagonjwa na za watoto wakiwa bado hawajazaliwa.

Kutoka hapo mpaka kila mjamzito kustahili kipimo kile imechukua karibu miaka 60. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe altrasaundi walau mara moja kabla ya wiki 24. Kabla ya wiki 24, jamani. Siyo mwezi wa nane ukitaka kujua kama ni wa kike ununue nguo za pinki.

SEHEMU YA 3

Sasa turudi nyumbani.

Hospitali za Upare zilikuja na misheni. Walutheri wa Leipzig walifika Shigatini, Usangi, mwaka 1900. Waadventista walifika Giti, upande wa kusini, mwaka 1903. Makanisa, shule na dawa vilipanda mlima pamoja, na mpaka leo hospitali ya Gonja ni ya Walutheri. Reli ya Tanga ilipita chini, tambarare, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mji wa Same ukakua kwenye reli na barabara. Hapo ndipo ulipoanza mgawanyo tunaoishi nao: watu wengi juu, penye mvua na migomba, na huduma kubwa chini, penye vumbi.

Anayetoka Mamba, Vunta, Chome au Suji anajua ninachosema. Kilomita kwenye ramani ni chache. Mvua za masika zikishanyesha hakuna anayehesabu kilomita, tunahesabu saa. Ukishateremka Same, Moshi bado iko mbele, kama kilomita 100 na kitu.

Na Moshi ndiko picha ilikoweka makao. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 kuhudumia kanda yote ya kaskazini. Kuwa na mashine ni jambo moja, kuwa na mtu wa kuisoma ni jambo jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuja pale Helmut Diefenthal, bingwa wa radiolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Minnesota, Marekani. Umri wake ulikuwa wa kustaafu, yeye akaanza upya. Alichoona ni kwamba ukisubiri mabingwa watoshe, wagonjwa wa wilayani watakufa wanasubiri. Kwa hiyo akaanzisha pale KCMC mafunzo ya madaktari wasaidizi kusoma eksirei na kupiga altrasaundi, ili warudi kwenye hospitali zao za mbali. Mafunzo ya ubingwa wenyewe yakafuata baadaye.

Namkumbuka kila ninapoulizwa "daktari bingwa wa picha yuko wapi?" Kwa sababu jibu la kweli ni kwamba mtu anayekupiga altrasaundi wilayani mara nyingi si bingwa. Anaweza kuwa mtaalamu wa radiografia, daktari wa kawaida aliyesomea, hata mkunga aliyepewa mafunzo. Usimdharau. Kuangalia mtoto yuko mmoja au wawili, kalalaje, moyo unapiga, kondo limekaa wapi, hayo mtu aliyefundishwa vizuri anayaweza. Bingwa anahitajika pale picha inapokuwa na utata, au kipimo chenyewe ni kikubwa kama siti skani au MRI. Siku hizi picha ya dijitali inaweza pia kutumwa kwa mtandao, ikasomwa na bingwa aliye mji mwingine, wewe umekaa hapo hapo kwenye benchi.

SEHEMU YA 4

Hii ndiyo sehemu ya hela. Watani zetu wanasema Mpare ni bahili. Acheni waseme. Mpare hakatai kulipa, anataka kujua analipia nini!

Hilo si la leo. Miaka ya 1940, wakati wa Mwingereza, ililetwa kodi iliyoitwa mbiru, kila mtu akadiriwe kivyake kufuatana na mali yake. Wazee waliuliza: mnakadiriaje? Hawakupata jibu la kueleweka. Januari 1945 watu kwa maelfu walishuka milimani mpaka hapa Same, wakapiga kambi, na wakakaa kwa zamu kwa miezi. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kiwango kimoja, hata kama ni kikubwa zaidi, ili mradi ieleweke. Akina mama wa Usangi nao wakajitokeza kuandamana, maana waume zao wako Same na mashamba yanawasubiri wao. Mwisho kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, aliandika habari hii yote.

Nimeileta mbiru hapa kwa sababu ninapomsikia mama akisema "kadi hii sijui inanisaidia nini," nasikia swali lile lile.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu ya serikali yalikuwa bure. Mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kuzuia hospitali binafsi za biashara. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa na swali la "nani anapokea bima," swali lao lilikuwa kama dawa ipo na kama mashine inafanya kazi. Miaka ya 80 uchumi ukayumba, na mara nyingi dawa haikuwepo wala mashine haikufanya kazi. Mwaka 1991 milango ya hospitali binafsi ikafunguliwa tena. Vile vituo vya altrasaundi unavyoviona mjini vimetokana na mabadiliko hayo. Mwaka 1993 kukaja uchangiaji wa gharama kwenye hospitali za serikali, na pamoja nao misamaha kwa wajawazito na watoto wadogo, ambayo kwenye karatasi ni mizuri sana. Dirishani mambo huwa tofauti kidogo. Mimi mwenyewe, nikiwa na mimba ya kwanza, niliambiwa kumuona nesi ni bure ila picha ina bei yake. Na mimi ndiye nesi!

Bima zikaja kwa njia mbili. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulijaribiwa kwanza Igunga, Tabora, mwaka 1996. Kaya inachanga kwa mwaka, inatibiwa kwenye zahanati na kituo cha karibu. Mfuko wa Taifa, NHIF, ukaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali: mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaweka 3. Mwalimu akapata kadi inayofika mpaka hospitali za rufaa. Jirani yake mkulima, mwenye shamba la tangawizi ukutani kwa mwalimu, akapata kadi inayoishia kijijini.

CHF iliyoboreshwa ilipoanza 2018, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na ikapanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa rufaa. Hapa ndipo nataka tusimame.

Moshi kuna hospitali kubwa mbili ambazo watu wetu wanazichanganya. Mawenzi ni ya rufaa ya mkoa. KCMC ni ya rufaa ya kanda. Kwa macho ya mgonjwa aliyeshuka stendi, zote ni "hospitali kubwa ya Moshi". Kwa macho ya kadi, zimepishana ngazi nzima. Ngazi ya CHF ilikomea Mawenzi. Yule jirani aliyesema kadi ni ya panadol tu alikuwa anazungumzia CHF ya zamani, ile ya kijijini. Hakuna aliyepanda mlima kumwambia kwamba mambo yamebadilika.

Wenye NHIF nao wasijione wameokoka. Kumbukeni tarehe 1 Machi 2024. Mfuko ulianza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali kadhaa binafsi zikasema bei zile hazilipi gharama, zikaacha kuwapokea wanachama. Mtu ana kadi hai, makato yake yanakwenda kila mwezi, anafika mapokezi anaambiwa lipa taslimu. Na Toto Afya Kadi, ile ya shilingi 50,400 kwa mtoto, ilisimamishwa mwaka 2023 kwa mzazi mmoja mmoja, kwa maelezo kwamba wengi walikuwa wanamkatia mtoto bima akiwa tayari mgonjwa. Tangu hapo utaratibu wa bima za watoto umekuwa unabadilika. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Bima ya Afya kwa Wote, ambayo nia yake ni kila mtu awe ndani. Mimi niliisubiri kwa hamu, lakini kila majina ya kadi yanapobadilika, ngazi nazo zinapangwa upya, na mama wa milimani ndiye wa mwisho kuambiwa.

SEHEMU YA 5

Sasa lile swali. "Daktari gani wa picha anapokea bima?"

Kwa kwetu, swali hilo limekaa upande. Bima zetu haziingii mkataba na daktari mmoja mmoja, zinaingia na kituo. Nchini Marekani zamani uliweza kutibiwa hospitali inayopokea bima yako, halafu bingwa aliyesoma picha, ambaye hujawahi hata kumuona, akakuletea bili yake pembeni. Mpaka ikabidi watunge sheria ya kuzuia bili hizo za kushtukiza, ikaanza kutumika Januari 2022. Kwetu kituo kikisajiliwa, kinachosomwa ndani yake kinakwenda na kituo. Kwa hiyo usitafute daktari. Tafuta kituo.

Lakini kituo kupokea kadi na kipimo chako kulipwa na kadi si kitu kimoja. Nimewaona wengi wamemuona daktari kwa bima vizuri kabisa, halafu kwenye chumba cha picha wanaambiwa hiki hakimo. Kwa hiyo dirishani usiulize "mnapokea bima?" Watasema ndiyo. Toa kadi yenyewe, toa karatasi iliyoandikwa kipimo, uliza: "Kwa kadi hii, kipimo hiki, leo, nalipa chochote?" Hilo neno leo usiliache, mashine zinaharibika.

Ukiwa na kadi za ngazi za chini, usiruke. Anza pale zahanati na uondoke na barua ya rufaa mkononi, imeandikwa na kugongwa muhuri. Bila hiyo, hata Mawenzi wewe ni mlipaji taslimu. Ikiwa ni damu inatoka, maji yamechupa, mtoto hachezi, au mtoto mchanga anapumua kwa shida, hapo hatusubiri muhuri, unakwenda, na karatasi zitafuatana nyuma. Kwa NHIF, vipimo vikubwa kama MRI vinaweza kuhitaji kibali cha Mfuko kwanza. Piga simu au muulize mtu wa bima wa hospitali kabla hujapanda gari, siyo ukifika.

Na uliza nani atasoma, na majibu yatatoka lini. Majibu yakitoka, usiondoke na bahasha iliyofungwa. Sema: "Naomba unieleze kwa Kiswahili, kuna nini?" Una haki hiyo, na wala humsumbui mtu. Halafu bahasha ile irudi siku hiyo hiyo au kesho yake kwa aliyekuandikia kipimo. Picha ambayo haijarudi kwa aliyeiomba, kwangu mimi haijapigwa.

Akina baba, hapa mnahusika. Mkiuza mazao kumpeleka mama Moshi, nendeni naye mpaka chumba cha majibu. Watu wawili wanasikia zaidi ya mmoja.

SEHEMU YA 6

Yule mama.

Siku aliyokuja kliniki alikuja kwa ajili ya sindano tu. Ile bahasha aliitoa mwenyewe akitafuta kadi ya kliniki ndani ya begi, akaiweka mezani, akasema, "Nesi, na hii hapa, mtoto alionekana mzima." Nikaisoma nimesimama. Nikamwambia akae. Nikamuuliza damu imetoka tena? Akasema juzi, kidogo, hakutaka kumsumbua mtu.

Aliandikiwa rufaa mchana ule ule, kwa kadi ile ile ya CHF. Alilazwa, akapigwa altrasaundi nyingine, na hakulipia. Ikathibitisha kondo liko pale pale, kwa hiyo kujifungua kwa kawaida hakukuwezekana. Wiki kadhaa baadaye damu ilianza kutoka nyingi usiku, lakini yeye alikuwa wodini, siyo milimani, na chumba cha upasuaji kilikuwa mlango wa tatu. Mtoto ni wa kike. Alizaliwa na kilo mbili na nusu.

Aliporudi kunionesha mtoto aliniletea tangawizi kilo moja, na akaniuliza kama ile hela ya Moshi inaweza kurudishwa. Nikamwambia hapana mama, ile imekwenda. Akasema basi angalau niwaandikie wengine.